Ncha ya Mbele ya Fimbo

Mtoto wa kwanza niliyemrudisha kwa familia yake hakuwa amepotea. Nilimtoa mahali alipotakiwa kuwa, nikampandisha kwenye gari la shirika, nikampeleka Kakuma huku nimejawa na furaha. Wakati wote huo mtu aliyemtegemea alikuwa ameketi Lodwar, kwenye kibaraza cha duka, akimngoja arudi amshikie fimbo.

Nawaambia mapema, ninyi mnaoanza kazi hii, kwa sababu siku ya kuniaga mlisikia hotuba nyingi zikinisifu, na hakuna hata moja iliyotaja jambo hilo. Mtoto mwenyewe alikuwa pale pale, ameshakuwa msichana mkubwa, anagawa soda. Kila nilipomiminiwa sifa mpya alinitazama na kuficha mdomo kwa trei. Anaitwa Asekon.

Basi turudi nyuma. Shirika letu lilikuwa la vyumba viwili nyuma ya soko la Lodwar, feni moja, pikapu moja, na dereva mmoja, Mzee Ewoi. Kazi yetu ilielezwa kwa sentensi fupi: kusaidia watoto wakae na watu wao, isipokuwa pale ambapo kukaa huko kunawaumiza. Ukiisoma sentensi hiyo ofisini inaeleweka kabisa. Ukitoka nayo nje kwenye jua, unaanza kujiuliza watu wao ni akina nani, na kukaa maana yake nini.

Mimi nilikuwa mgeni kazini, na stashahada yangu ilikuwa bado inanukia wino. Nilizaliwa hapa mjini, binti wa mwalimu, na nilidhani hilo linatosha kunifanya nimjue kila Mturkana.

Siku tatu mfululizo nilimwona msichana wa kama miaka saba ameketi peke yake sokoni nyuma ya vikapu vya majani ya mkoma. Hakuwa na mtu mzima karibu naye. Siku ya tatu nilichuchumaa mbele yake na fomu yangu.

"Ejok," nikamsalimia.

"Ejok."

"Mama yako yuko wapi?"

"Kakuma."

"Na baba?"

"Alienda na mbuzi."

"Mama ulimwona lini?"

"Wakati wa mvua."

Mvua ya mwisho ilikuwa imepita kitambo. Nikaandika.

"Nani anakupikia?"

"Napika mimi."

"Nani anakuchotea maji?"

"Mimi."

"Nani anakutunza?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la nchi nyingine. Akainua mabega. Nikaandika neno ambalo sitaki mliandike kamwe kabla ya kumaliza wiki nzima mkiuliza: *ametelekezwa*.

Kila alichonijibu kilikuwa kweli. Hakunidanganya hata neno moja. Mimi ndiye niliyechagua maswali, na maswali yangu yote yalikuwa ya aina moja: nani anakufanyia nini. Sikumuuliza yeye anamfanyia nani nini. Kama ningemuuliza, "Asubuhi unamwamsha nani?" kazi yangu ingeisha pale pale, na vikapu vingeuzwa.

Nikapata barua ya chifu, nikamjulisha afisa wa watoto kwa simu, na asubuhi ya nne nikamkuta tayari yuko sokoni. Nikamwambia tunakwenda Kakuma kumwona mama yake. Akafurahi. Akamwachia jirani vikapu vyake, akapanda.

Barabara ya siku hizo haikuwa na lami mnayoijua ninyi. Tulirushwa kama mahindi kwenye sufuria. Tulipopita daraja la kwanza Asekon akauliza, "Tutarudi kabla jua halijaingia?"

Nikamwambia, "Usijali."

Baada ya saa moja akauliza tena. Nikampa biskuti. Mara ya tatu hakuniuliza mimi, alimuuliza Mzee Ewoi, na Mzee Ewoi akanitazama kwenye kioo, kisha akatazama barabara. Nilidhani vumbi limemwingia machoni.

Mama yake Asekon tulimpata bila shida. Aliuza kuni karibu na kambi, na pale alijulikana na kila mtu. Wakati tunafika alikuwa akibishana na mteja wake wa siku zote, mama mmoja mrefu kutoka Sudan Kusini aitwaye Nyabol, juu ya mzigo wa kuni ambao Nyabol alidai umefungwa kwa ujanja, nene nje na nyembamba ndani.

"Hii yako ni kama mtu amevaa makoti mbili," alikuwa anasema Nyabol. "Toa koti, hakuna mtu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Kwenye mafunzo tulionyeshwa picha za familia zikikumbatiana, na nilikuwa na kamera ya ofisi begani. Mama akamwona mtoto, akatabasamu, halafu tabasamu likakatika. Akaangalia nyuma ya mtoto. Akaenda kuchungulia ndani ya gari, upande huu, akazunguka, upande ule.

"Mama yangu yuko wapi?" akaniuliza.

"Mama yako?"

"Huyu hatembei bila mama yangu. Mama yangu hatembei bila huyu. Umemwacha wapi?"

Asekon akajibu badala yangu. "Kwa kibaraza. Nilimwambia narudi."

Ndipo nikafahamishwa, katikati ya kuni, mbele ya wateja, jambo ambalo kila mtu aliyewahi kupita soko la Lodwar alilijua. Nyanya Arupe alikuwa haoni, macho yaliharibiwa na ugonjwa wa kope ambao umewapofusha wazee wengi wa huku. Bibi wa namna hiyo hupewa mjukuu. Mtoto hushika ncha ya mbele ya fimbo, bibi hushika ya nyuma, na wanatembea hivyo mpaka mmoja wao akue au mwingine afe. Mama alikuwa amemtoa binti yake kwa mama yake kwa heshima kubwa, kama anavyotolewa mbuzi wa maziwa. Nyanya alisuka vikapu kibarazani kwenye kivuli, mjukuu aliviuza sokoni, hatua mia mbili kutoka hapo. Nilikuwa nimepita mbele ya nyanya huyo siku zote tatu.

Nyabol alisikiliza yote, akaweka mikono kiunoni. "Kwa hivyo shirika limeiba mtoto."

"Hatujaiba," nikasema.

"Limeiba na barua," akasema Nyabol. "Hiyo ni mbaya zaidi." Kisha akamgeukia mwenzake. "Dada, nenda. Kuni nitakuuzia. Na nitazifunga vizuri, watu washangae."

Mzee Ewoi alikuwa ameshageuza gari.

Njiani nilimuuliza kwa hasira, "Mzee, ulijua?"

"Nilijua nyanya yuko."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani umeongea na yeye. Mtu mwenye karatasi nyingi hivyo." Akabadilisha gia. "Na tena hukuniuliza, madam. Mimi ni dereva. Yule wa kabla yako aliniambia nisiingilie kesi, niingilie barabara."

Tangu siku hiyo hadi alipostaafu, sikufunga fomu hata moja kabla ya kumuuliza Mzee Ewoi. Nanyi tafuteni Ewoi wenu. Huenda akawa dereva, mlinzi wa lango au mama wa chai. Utamtambua kwa kuwa anajua jibu na anangoja uulize.

Tulifika Lodwar kama saa kumi jioni, jua likiwa bado kali. Nyanya Arupe alikuwa pale pale alipoachwa asubuhi. Mwenye duka alimletea maji, akanywa. Wanawake walijitolea kumpeleka nyumbani, akakataa. Alisema mjukuu wake ameahidi kurudi, na akirudi asipomkuta ataogopa. Alikuwa amesuka vikapu viwili na nusu.

Asekon akakimbia akashika ncha ya fimbo. Nyanya akapitisha kidole juu ya mti mpaka kikagusa vidole vya mtoto. Kisha akasema, "Na huyo mwingine anayepumua kama punda ni nani?"

Nilikuwa mimi. Nikajitambulisha, nikaomba msamaha kwa maneno mengi ya shule. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye msichana wa karatasi," akasema. "Haya. Asekon, mpe fimbo. Atanipeleka yeye."

Wanawake wa kibarazani wakaacha kusuka. Nikashika ncha ya mbele. Nilimtoa kibarazani vizuri, nikampitisha kwenye mtaro, nikasahau kumwambia kuwa ni mtaro. Nikamgonganisha na mbuzi. Nikakata kona ya duka la simu nami nikapita salama, yeye akapita na bega ukutani. Nyuma yetu Asekon, mama yake na nusu ya soko walikuja kama watu wanaosindikiza harusi.

"Unatembea kama mtu anayeona," Nyanya akaniambia.

"Lakini naona, Nyanya."

"Ndiyo shida. Mjukuu wangu anatembea kama watu wawili."

Wanangu, nimehudhuria semina nyingi za kulinda watoto, katika hoteli nzuri, na nina vyeti vya kutosha kuezeka kibanda. Sijasikia maelezo ya kazi yetu yanayozidi hayo.

Lakini kosa langu lilikuwa limefunua jambo la kweli, na hapo ndipo kesi yenyewe ilianza. Asekon hakuwa anasoma. Wenzake walikuwa darasani naye alikuwa kwenye ncha ya fimbo. Bosi wetu, mtu mwema mwenye haraka, alisema njia ni moja: kuna makao ya watoto yenye shule ndani, kitanda kipo, apelekwe, aje likizo. Mama yake alikubali nusu na kulia nusu. Kumhamishia Kakuma kwa mama yake hakungesaidia, kwani Nyanya hakutaka kuhama, na hakutaka mkono wa mtu mwingine. Tukajaribu zamu ya majirani. Alimkataa wa kwanza kwa sababu anaburuta miguu, wa pili kwa sababu anasengenya njiani, na wa tatu hakueleza.

Nikamuuliza Asekon mwenyewe anataka nini. Wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza.

"Nataka kusoma," akasema. "Na Nyanya asigonge ukuta."

Hilo ndilo lililokuwa mezani: mtoto apate shule apoteze nyumba, au abaki na nyumba akose shule. Tulikutana mara nne kwenye veranda ya ofisi na kila mara tuliondoka na hiyo "au" yetu ikiwa nzima. Bosi akatoa wiki moja. Baada ya hapo angesaini fomu ya kumpeleka kwenye makao.

Nikiwa napoteza siku za wiki hiyo, Mzee Ewoi alinipeleka kuitafuta familia nyingine nje ya mji, na tukakuta boma limehama. Palikuwa na majivu, miiba ya zizi na kiatu kimoja cha tairi. Nilitaka kurudi niandike "haikupatikana". Ewoi akasema, "Madam, watu hawapotei. Wanaenda kwa maji. Tuulize kisimani." Tukauliza kisimani, na kabla ya saa sita tulikuwa tunakunywa chai na familia hiyo. Wakati wa kurudi akasema kama mtu anayejisemea, "Hata yule nyanya, mnamtafuta ofisini. Hamjauliza wanawake wa vikapu."

Nikaenda kibarazani. Safari hii sikubeba fomu. Nilikaa chini, nikapewa majani ya mkoma ya kuchambua ili mikono isikae bure, na baada ya chai ya pili nikaeleza shida yote. Wakanicheka kidogo. Halafu mmoja wao, Mama Ekidor, ambaye asubuhi alipika katika shule ya msingi ya karibu na mchana akaja kusuka, akasema bila kuinua kichwa:

"Si amlete jikoni?"

"Nani?"

"Asekon. Amlete nyanya yake shuleni. Maharagwe ya huko yana mawe, na macho yangu yamechoka. Watoto wanavunja meno. Arupe ana vidole. Akae na mimi achague, mtoto akae darasani, saa tisa waende nyumbani."

Nyanya Arupe alikuwa ameketi mita mbili kutoka hapo. "Hayo maharagwe ni mengi?" akauliza.

"Ni mengi kuliko siku zako zilizobaki," akasema Mama Ekidor.

"Basi sina haraka."

Mwalimu mkuu hakufurahi. "Madam," akaniambia, "nimesajili wanafunzi wenye madawati, wasio na madawati, na mmoja aliyekuja na kondoo. Sijawahi kusajili mwanafunzi na nyanya." Nikamwomba wiki moja ya majaribio. Akanipa, kwa sharti kwamba akiulizwa na wakubwa wake nitajibu mimi.

Jumatatu iliyofuata nilisimama langoni mapema. Walikuja polepole, Asekon mbele na sare iliyomzidi, Nyanya nyuma, fimbo katikati yao. Watoto wengine wakawapisha. Mlangoni mwa jiko Asekon akasema, "Ngazi mbili, ya pili imevunjika," akamkalisha, akaweka fimbo kwenye pembe, akakimbia darasani.

Nyanya akapewa sinia na bati tupu la maziwa. Alimwaga maharagwe, akayapapasa kama mtu anayesoma, na baada ya muda mfupi tukasikia *teng*, jiwe la kwanza ndani ya bati. Kufikia saa nne bati lilikuwa limejaa nusu. Mwalimu mkuu alikuja kuchungulia, akalitazama lile bati, akaguna, akaenda zake. Wiki yake ya majaribio haijaisha hadi leo, na bosi hakuisaini ile fomu ya makao.

Jiko liligusana na darasa la tatu, na ukuta ulikuwa wa mabati. Katika miaka miwili Nyanya alijua jedwali la kuzidisha. Mtoto akikosea nane mara saba, alisikia sauti ya mzee kutoka jikoni ikisema hamsini na sita, na darasa zima likaangua kicheko, na hakuna aliyeikosea tena.

Ninyi siku hizi mna vishikwambi. Taarifa zinaingia moja kwa moja na hazilowi mvua, wala mbuzi hazili, kama alivyowahi kula ukurasa wangu wa pili huko Lokichar. Sina ugomvi navyo. Ila kuna kisanduku kimoja kinachouliza mlezi mkuu wa mtoto ni nani, na mfumo haukuruhusu kuendelea bila kukijaza. Kwa Asekon sikuweza kukijaza. Nikiandika Nyanya, nakumbuka nani alishika ncha ya mbele. Nikiandika jina la mtoto, mfumo unakataa. Kila mwaka niliahirisha, na faili likabaki wazi. Binti aliyechukua meza yangu aliniuliza juzi, "Madam, hili la Asekon nifunge?" Nikamwambia angoje.

Angoje, kwa sababu Asekon amemaliza sekondari ya kutwa hapa hapa mjini, kila asubuhi akimpitisha Nyanya jikoni kwanza, na amepata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Kitale. Barua aliniletea nyumbani mwenyewe, na Nyanya nyuma yake kwenye fimbo, mdogo kuliko zamani, lakini bado mkali. Tulikunywa chai. Niliisoma barua kwa sauti, tarehe ya kuripoti, orodha ya vitu, ndoo, shuka, sare. Mama yake alishapigiwa simu Kakuma, na Nyabol, ambaye sasa ana kibanda cha kuni pamoja naye, alipiga vigelegele kwenye simu mpaka ikakatika.

Nilimaliza kusoma. Asekon alikuwa akiangalia mikono yake.

Nyanya Arupe ndiye aliyeuliza. "Hicho chuo kina jiko?"

"Lazima kina jiko, Nyanya. Wanafunzi ni wengi."

"Wanakula maharagwe?"

"Nadhani wanakula."

"Basi mwulize mwenye chuo," akasema, "kama yana mawe."

Asekon akacheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu nyanya yake hakuwa anatania.

Nikapiga simu. Karani wa chuo alidhani nataka kulalamikia chakula. Nikamweleza tangu mwanzo: kibaraza, jiko, bati la maziwa. Alinisikiliza kwa adabu, akacheka mahali pa kucheka, na mwishoni akasema hajawahi kupata ombi la namna hiyo, atamuuliza mkuu wa chuo, kisha atanipigia.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Alhamisi, na Asekon anatakiwa kuripoti Jumatatu. Ndoo imenunuliwa, shuka zimekunjwa. Karani hajapiga.